Mdomo wa Marehemu

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Wengi huitumia methali hii kumnyooshea kidole jirani au jamaa. Mchongaji mmoja wa mawe ya makaburi aliitumia vivyo hivyo, wiki tatu baada ya kumzika baba yake.

Alikuwa akichora uso wa marehemu kwenye kompyuta sebuleni, ili kesho yake mashine ya karakanani iuchonge jiweni. Kiharusi kilikuwa kimeushusha mdomo wa baba upande wa kushoto. Mchongaji alitaka mdomo huo huo, kwani ndio uliomwita "bwana mkubwa" kwa miaka sita ya mwisho. Mama mdogo, mke wa pili wa marehemu, hakuafiki.

"Mchore alivyokuwa mzima, mwanangu. Watu wasije wakamkumbuka kwa maradhi."

Kwenye mchoro, katikati ya mdomo palikuwa na nukta yenye vijiti viwili, kimoja kila upande. Ukivuta kijiti, mstari hupinda. Mchongaji aliikuza picha hadi upande wa kushoto ukajaza kioo, akakishusha kijiti chake kidogo, akahifadhi, akaenda kuoga. Aliporudi aliutazama uso mzima. Upande wa kulia ulikuwa umepanda! Baba alitabasamu kwa kejeli, kama anayewacheka waliomlilia.

Sebuleni hapakuwa na mtu ila mama mdogo, anafagia.

Mchongaji alifuta, akaikuza picha vile vile, akavuta upya, akabadili neno la siri, kisha akalaza njiti ya kiberiti juu ya kibodi. Adhuhuri aliikuta njiti pale pale, na kejeli pale pale.

"Mjanja huyu," aliwaza. "Hata njiti kairudisha."

Chai aliyoandaliwa ilipoa bila kuguswa. Aliingia chumbani kwa mama mdogo, akalitoa sanduku lake na kulibwaga mlangoni.

"Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Baba yuko kaburini bado unamkosoa? Jiwe likisimama, urudi kwenu."

"Ningejua kuchora kompyutani, ningekuwa nashika ufagio?" Mama mdogo aliketi kando yake. "Mikono yangu hii hapa mapajani. Haya, vuta nione."

Ili naye aone, safari hii mchongaji hakuikuza picha. Alikishusha kijiti cha kushoto. Cha kulia kikapanda chenyewe, kama mizani.

"Nani kakigusa hicho?" mama mdogo aliuliza.

Ndipo mchongaji alipokiona kitufe cha ulinganifu, kile kinachovifunga vijiti viwili pamoja, kinawaka. Alikibonyeza mwenyewe jana yake, alipochora majani ya pambizoni, akasahau kukizima. Alikizima, akavuta tena. Kushoto kukashuka, kulia kukatulia. Baba akarudi.

Mama mdogo alimtazama mumewe kiooni. "Ndiye," alisema. "Mwache hivyo hivyo." Kisha, taratibu: "Na mimi, nifungashe?"

Mchongaji alilibeba sanduku kwa mikono miwili, akalirudisha juu ya kabati.

Alikuwa amechunguza mikono ya mwenzake, akasahau kuitazama yake. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.