Betri Tatu za Ntandu

Ghala halizai mtama. Mmeisikia methali hii leo kwa fundi cherehani, mkacheka, kisha mkaja mbio kuniuliza ilitoka wapi, mkidhani ni ya enzi za mababu. Wala! Aliyeizua bado yu hai, na uji anakunywa kila asubuhi. Haya, tulieni niwape chimbuko lake.

Katika kijiji cha Ntundwa, huko nyanda za Singida, mwanamume hupimwa kwa ghala lake. Mwenye ghala kubwa husalimiwa kwanza, hata kama shamba lake limejaa magugu. Na ipo desturi: ghala jipya likikamilika, mwenyewe husimama langoni na ungo mtupu, na kila jirani humletea kikapu kimoja cha mtama, ili ghala lisilale na njaa siku ya kwanza. Ni kikapu kimoja tu. Baada ya hapo, kila mtu na jembe lake.

Ntandu alikuwa mkulima wa alizeti, mchapakazi, ila alipenda kusifiwa kama mtoto apendavyo sukari. Nyumbani kwake kulikuwa na paneli moja ya sola na betri moja, vya kuwasha taa na redio. Mwaka huo alizeti ilikubali, na mkewe, Veneranda, akanunua kitu alichokiota miaka mingi: mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine hiyo hula umeme mchana na usiku kwa siku ishirini na moja, bila kupumzika.

"Tuongeze paneli nne na betri moja," alishauri Hango, fundi wa sola.

Ntandu akakunja uso. Paneli hukaa juu ya bati, nani atapanda kuiona? Lakini betri! Betri hukaa sebuleni, nene, nyeusi, mgeni akiingia anaiona kabla hajavua viatu. "Niletee betri tatu kubwa," akasema. "Paneli ninayo."

"Mzee Ntandu, hiyo moja haitazishibisha."

"Wewe funga. Kazi ya kujisifu niachie mimi."

Hango akafunga, maana mwenye nyumba ndiye mwenye neno. Betri zilitoka dukani zimeshiba, na siku tano za kwanza zilikuwa sherehe tupu. Watu walikuja kuzitazama, Ntandu akizipigapiga mgongo kama ng'ombe wa mahari. Veneranda naye alikuwa ameweka mayai mia mbili na arobaini. Siku ya sita asubuhi alimulika moja kwa tochi, akaona mishipa myembamba myekundu na kitone kinachodunda katikati. Akakaa chini, machozi yakamtoka kwa furaha.

Siku ya saba, jua likiwa ndio kwanza linachomoza, taa ya mashine ikawaka nyekundu, kisha ikazima. Betri zote tatu zilikuwa tupu, na ile ya zamani pia.

Veneranda hakupiga kelele. Alifunika mashine kwa mablanketi, akachemsha maji, akayatia kwenye chupa na kuzipanga kando ya mayai. "Baba Imelda," akamwambia mumewe bila kumtazama, "yakipoa haya, yamekufa. Chupa hizi zitatufikisha saa nne. Baada ya hapo sijui." Ntandu aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akaitwa Hango. Akaja pia shangazi yake Ntandu, Bi Zuena, mama asiyepitwa na jambo. Akazizunguka zile betri, mikono kiunoni.

"Maghala mazuri," akasema. "Matatu! Na shamba liko wapi?"

Hango akaonyesha ile paneli moja juu ya bati.

"Lile tuta la mchicha?" Bi Zuena akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, umejenga ghala bila kulima. Sasa si unajua kinachofuata? Shika ungo."

"Shangazi! Nikasimame langoni niombe umeme?"

"Unaona haya ya ungo, huoni haya ya mkeo?"

Ntandu akamtazama Veneranda, aliyekuwa akibadilisha chupa kwa vidole vilivyoungua. Akachukua ungo, akatoka, akasimama langoni kweupe, mbele ya watu walewale waliomsifu juzi, akawaambia betri zimekauka na mayai yanapoa.

Walicheka, lazima niseme ukweli. Walicheka sana, kisha wakapanda juu ya mabati yao. Huyu akaja na paneli kichwani, yule akaifunga kwenye baiskeli, mwingine akaja na mkewe wameishika huku na huku kama kitanda. Zilifika kumi na moja. Hango akachagua nane zinazolingana, akazilaza uwanjani zikitazama jua, akaunganisha nyaya huku jasho likimtiririka. Saa nne kasoro dakika chache, mashine ikanguruma. Veneranda akaweka mkono juu ya mfuniko, hakuutoa kwa muda mrefu.

Majirani walimwachia paneli siku mbili. Ndani ya siku hizo Ntandu alipeleka betri mbili dukani, akabadilishiwa paneli sita, akazipandisha kwenye bati kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya ishirini na moja, mayai yakaanza kupasuka. Vifaranga mia moja tisini na wawili! Uwanja ukajaa watu na milio. Katikati ya shangwe, jirani mmoja akamvuta Hango pembeni.

"Fundi, na mimi nataka betri. Kubwa kuliko zile za Ntandu. Nne."

Hango akafungua kinywa ajibu, lakini Ntandu, kifaranga mmoja kila kiganja, alimwahi.

"Ndugu yangu," akasema, "ghala halizai mtama."