Zimwi Lililotaka Kila Kitu Kiwe Kuku

Hadithi imeiva, semeni, "Ipakue."

Zimwi liliingia kijijini likasema, "Chagueni. Mfe wote, au kila chenye uhai nikigeuze kuku."

"Kuku angalau anapumua," wazee wakanong'ona.

Mashavu, binti mfuga kuku, akawaambia, "Mtu akifa, watu hula pilau wakimlilia. Akiwa kuku, yeye ndiye pilau."

Akaligeukia zimwi. "Babu, na mbwa?"

"Kuku."

"Na mchwa?"

"Kuku."

"Na mtama shambani?"

"Kuku."

"Sasa hao wote utawalisha nini? Na banda utalifagia peke yako kila alfajiri?"

Zimwi likatazama mikono yake, likawaza kinyesi cha dunia nzima. "Mjukuu wangu," likasema taratibu, "afadhali nife mimi."

Likaondoka bila kumgusa mtu, na mpaka leo halili hata yai.

Chungu kitupu, kakiosheni.