Risasi Tano za Koplo Lipangile

Zikishikana vitako, haitoki hata moja.

Bibi Skolastika alitutupia maneno hayo kwenye mashine ya kukoboa mpunga, tulipokwama mlangoni vijana sita kwa mpigo, kila mmoja kamshika mwenzake shati asitangulie. Tukaachiana. Tukamwuliza ni vitako vya nani hivyo, maana kwa bibi huyu lolote lawezekana. Akasema vya risasi. Ajuza wa miaka sabini na minne, rozari shingoni, anataja risasi kama wenzake wanavyotaja bamia! Tukaketi juu ya magunia, naye akatueleza msemo huo ulikotoka.

Enzi za mgambo, kijiji chetu cha Lukwandi kilipewa bunduki moja ya kufukuzia wanyama mashambani. Ilikuwa imepigana vita vya Wazungu, ikazeeka, jeshi likaichoka, ikaletwa kulinda mpunga. Kitako chake kilikuwa na ufa uliofungwa waya. Watu waliiita Mstaafu. Mwalimu wake, Koplo Lipangile, naye alikuwa mstaafu, na bibi anaapa kwamba wote wawili walikohoa kwa sauti moja.

Waliochaguliwa kujifunza ni wawili: Skolastika mwenyewe, wakati huo ana miaka ishirini na sita na meno yote, na shemeji yake Gaudensi, mdogo wa mumewe. Mmoja wao ndiye angekabidhiwa bunduki msimu wote wa mavuno.

Kila alasiri walikaa kwenye baraza ya ghala la kijiji, mkeka chini, risasi kumi juu yake. Kulikuwa na klipu mbili, vipande vya chuma vyembamba, kila kimoja kinabana risasi tano kwa vitako. Unaichomeka klipu juu ya bunduki, unasukuma kwa dole gumba, zote tano zinashuka tumboni mara moja. Bibi anasema mpaka leo akisikia harufu ya mafuta ya cherehani, waliyokuwa wakiipaka bunduki, anaiona baraza ile na kidole chake kilichovimba.

Koplo aliwaonyesha jambo moja, akalirudia hadi likawachosha. Kitako cha risasi ile kina ukingo uliotokeza. Ya juu ndiyo inayotoka kwanza, kwa hiyo ukingo wake ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini yake. Ukikaa nyuma, ya juu ikisukumwa itainasa ya chini, na hapo umebeba mwiko, si bunduki.

Wakaitikia, ndiyo Koplo. Kisha alipowapa kisogo wakaanza mashindano ya nani anajaza haraka. Gaudensi alikuwa akimwambia, "Shemeji, unapanga risasi au unachoma vitumbua?" Naye akamjibu kwamba vitumbua vyake angalau huiva, si kama ndevu zake. Baraza ikajaa watazamaji. Ijumaa Skolastika akamshinda kwa mbali, akaiweka klipu yake juu ya bunduki kama kombe, wala hakuitazama mara ya pili.

Alasiri hiyohiyo, Koplo akiwa ameenda zahanati na kikohozi chake, ukaja ukelele kutoka mashambani. Nyati dume, mpweke, ameingia kwenye mpunga, na sasa anajikuna kwenye nguzo za dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia mpunga. Na juu ya dungu lile, akiamia ndege, alikuwa mama yake Skolastika.

Walikimbia wote wawili na bunduki moja, huyu kashika mtutu, huyu kitako. Kwenye tuta jembamba la jaruba wakapigana vikumbo, kila mmoja anataka kuwa mbele. Walipofika, nguzo moja ilikuwa imeshavunjika na dungu limeinama. Skolastika akasukuma klipu yake ya ushindi, risasi zikashuka, akasukuma komeo, kile chuma cha kuingizia risasi mtutuni. Likagoma katikati. Akalivuta, akalisukuma tena. Wapi.

"Lete huku, shemeji," Gaudensi akasema, akaivuta.

"Niachie. Ni mama yangu."

"Na mimi ni nani? Kanilisha huyo."

Wakawa wanavutana. Nyati akageuza kichwa kuwatazama, kisha akarudi kwenye nguzo yake. Ndipo sauti ikatoka juu, wala haikuwa ya kupiga kelele.

"Skola. Mnagombea nini, na mimi niko huku?"

Skolastika akaachia. Akamwambia shemeji ashike bunduki itulie, komeo lirudi nyuma kabisa. Akaingiza kucha, akaona ukingo wa risasi ya juu umekaa nyuma ya ule wa risasi ya pili. Akaikwanyua, akaichomoa, akazishindilia nyingine chini kwa dole lake lililovimba, kisha akailaza ile moja mdomoni mwa mtutu, peke yake.

"Piga wewe," akasema, akarudi nyuma.

Komeo likateleza kama limelambwa. Gaudensi akapiga hewani, juu ya kichwa cha nyati, na dume lile likatimka kuelekea kwenye matete, likifyeka nusu jaruba ya mpunga. Dungu likaanza kuanguka, Gaudensi akakimbilia chini yake. Mama mtu alitua mabegani kwa Gaudensi kabla halijafika chini.

Mstaafu alirudishwa serikalini zamani. Koplo alikufa na kikohozi chake, na Gaudensi tumemzika mwaka juzi. Bibi anasema hakuna tena wa kumtania kuhusu vitumbua.

Siku ile, mama yake alipopata pumzi, aliuliza bunduki ilikuwa na nini. Skolastika akamwonyesha risasi mbili kiganjani, jinsi ya juu ilivyoing'ang'ania ya chini. Mama akazitazama. Kisha akamtazama binti yake, akamtazama Gaudensi, akalitazama tuta walilopigania njia. Alikuwa ameyaona yote kutoka juu.

"Kumbe ndivyo," akasema. "Zikishikana vitako, haitoki hata moja."