Nyuzi za Zafarani

Sogeeni niwasimulie ya Mize. Mumewe alipotelea shambani kwa zimwi, alikokwenda kutafuta zafarani ya kumponya binti yao, Mwatime. Homa ilipozidi, Mize akaenda mwenyewe.

“Chuma maua matatu,” zimwi likamwambia, likicheka.

Akachuma la kwanza, likalia kwa sauti ya mzee. Akachuma la pili, likalia kwa sauti ya msichana. Aliposhika la tatu, likamwita jina.

“Mize, ni mimi, mumeo. Zimwi limenigeuza ua. Ukinichuma sirudi tena.”

“Mtoto anakufa, baba Mwatime.”

“Basi chuma.”

Akachuma. Nyuzi nyekundu akazitia katika maziwa ya moto. Mwatime akanywa, akapona, akaomba kikombe kingine. Mize akammiminia kilichobaki, kisha akatoka uani kulia.

Yangu yamefika ukingoni, yabebeni polepole.