Hatua Sita za Mzee Fisi

Hadithi inabisha hodi.
Ifungulieni.
Ina mkia na ina haraka.
Ipite, ikae.

Palikuwa na Kindi, mama kijana, na wanawe wawili hawajafungua hata macho, na nyumba yao ilikuwa tundu ndani ya gogo kavu, jepesi. Mafuriko yakaja, yakalibeba gogo, na lilipopita kwenye jabali Fisi akalirukia, wakaelea wote mpaka katikati ya bwawa, gogo likatulia. Fisi akaanza kuparua tundu. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mzee Fisi, watoto hawa hawakujazi hata jino."

"Nitaonja tu, binti."

Kwaru, kwaru. Ukucha ukapita karibu na sikio la mtoto. Kindi akachungulia ufani, akatazama maji kwa sababu kumtazama Fisi hakuweza, na ndipo akaona. Fisi akisogea mbele, gogo larudi nyuma. Fisi akisogea mbele, gogo larudi nyuma. Kila mara.

"Mzee Fisi, ukingo wa mbele pale yuko mbuzi aliyekufa maji. Tumbusi wameshatua."

Fisi akainua pua. "Hatua ngapi?"

"Sita."

"Mimi huruka nane. Nilipima mwenyewe, kwenye mchanga mkavu, watu wanaangalia."

"Kwenye mchanga, ndiyo, nane."

"Na sita si ndogo kuliko nane?"

"Ni ndogo, mzee."

"Basi naanza na mbuzi. Nyinyi mtakwenda wapi, gogo halina hata kasia?"

Akajikunja, akalisukuma gogo kwa miguu yote minne. Fyuu! Yeye mbele, gogo nyuma, na nguvu iliyoliendesha gogo haikubaki kwake. Hatua ya nne, chubwi, topeni hadi shingoni. Tumbusi wakamwacha mbuzi, wakamgeukia, wakangoja.

Gogo likaenda, likaenda, likaenda, mpaka likagusa majani ya ukingo wa nyuma. Kindi akambeba mmoja mdomoni, akamrudia wa pili, akapanda nao mtini, akawahesabu, mmoja, wawili, mmoja, wawili, na hata walipolala hakuacha kuhesabu.

Funzo, wanangu: wakubwa wakipiga hesabu, msiwasahihishe. Ni utovu wa adabu.

Hadithi imeshika njia. Aliyeipenda aisindikize, asiyeipenda aifungie mlango.