Mhunzi wa Vijiji Viwili

Mhunzi mmoja alikuwa na vijiji viwili, na hofu yake yote ilitoka hapo. Aliitwa Ambilikile. Alizaliwa Ibungu, na kitovu chake kilizikwa chini ya mgomba nyuma ya nyumba ya mama yake, kama ilivyo desturi ya huko. Mwaka 1947 wazee wa Ibungu walimnyima kiwanja cha kujenga kiwanda chake, kwa kuwa baba yake hakuwa mtu wa cheo. Akavuka mto, akahamia Lukwego. Huko desturi ilikuwa nyingine: mgeni akikubaliwa, huletewa kaa la moto kutoka jiko la mwenyeji, naye huwashia jiko lake la kwanza. Kaa la Ambilikile lililetwa na mjane mmoja, Mama Sekela.

Miaka ikapita, majembe yake yakajulikana wilaya nzima. Jumamosi, tarehe 9 Julai 1960, jembe lake lilipata nishani ya kwanza katika maonesho, na pale pale uwanjani vijiji viwili vikaanza kumgombea.

"Kitovu chake kiko kwetu!" akapaza sauti Jumbe Mwakitalu, mkuu wa kijiji cha Ibungu. "Nyinyi mlimpa kaa tu. Kaa hata mpita njia hupewa!"

"Na mgomba wenu ulimfundisha kufua chuma?" akajibu Jumbe Sanga wa Lukwego, na watu wake wakacheka.

Ambilikile alisimama katikati, nishani kifuani. Aliogopa wasije wakamwuliza yeye mwenyewe. Kila jibu alilolitafuta lilimfanya msaliti wa nusu ya maisha yake. Tangu siku ile hakulala vizuri. Akisikia ngoma upande wowote wa mto, alidhani wanakuja kumwuliza.

Jumatatu, tarehe 22 Agosti, akiwa anafua chuma, cheche zilimrukia machoni. Mganga wa zahanati akamfunga kitambaa, akasema kwamba huenda angeona tena, na huenda asione kamwe. Moto wa kiwanda ukazimika. Ndipo mabishano ya majumbe yakageuka. Jumbe Sanga akapeleka ujumbe Ibungu kwamba mtu hutunzwa pale kilipozikwa kitovu chake. Ibungu wakajibu kwa adabu kubwa kwamba aliyewashiwa moto ugenini ni wa ugenini. Kila upande ulimsifu mwenziwe kwa kuwa na haki zaidi.

Ambilikile aliyasikia hayo akiwa amelala gizani. Hofu ya kugombewa ikamtoka, ikaingia nyingine iliyo kubwa zaidi: kwamba angekufa na asipatikane wa kumchimbia kaburi.

Lakini kila asubuhi alisikia nyayo mbili. Za kwanza ziliburuzwa kidogo: Mama Sekela, akileta tena kaa la moto, kwa maana kipofu hawezi kulinda jiko lisizimike. Za pili zilikuwa za haraka, zenye maji ya mtoni: Subilaga, dada yake, akivuka kutoka Ibungu na ndizi za mgomba ule ule. Hawakumwambia kwamba yeye ni wa kwao. Walibishana juu ya chumvi.

Jumamosi, tarehe 1 Oktoba, kitambaa kilifunguliwa, naye akaona. Habari ilivuka mto kabla ya adhuhuri. Alasiri majumbe wote wawili walikuwa uani kwake na ngoma zao, kila mmoja akimwita mwanangu, kila mmoja amebeba joho la kumvika. Mara hii wakamwuliza yeye mwenyewe: "Sema leo, wewe ni wa wapi?"

Swali aliloliogopa likawa limefika, naye akashangaa kuona kwamba haliogopi tena.

"Nilipokuwa gizani," akasema, "niliwajua watu wangu kwa nyayo zao. Nyayo zenu sizijui."

Majumbe wakainamia miguu yao, kana kwamba wameiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa ukipanda. Mwanamke mmoja alimenya ndizi, mwingine alipuliza moto, na wala hawakuja kutazama joho la nani lingepokewa.

Basi ninyi mnaogombea jina la mtu aliyekwisha kung'aa, iwe kwa kuwa alizaliwa kwenu au kwa kuwa alihamia kwenu: je, nyayo zenu anazijua?