Macho ya Sanamu ya Bi Dingiri

Wamesimulia waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba huko kisiwani Sarandibu aliishi mama mmoja mwema, mfuasi wa Budha, jina lake Dingiri. Siku alipokwenda kwa fundi kuchagua sanamu ya Budha ya kuweka nyumbani, alionyeshwa zilizopakwa dhahabu, akazipita, akachukua ndogo ya mti, yenye rangi tu. Fundi akauliza, "Mama, hii ndiyo uliyoipenda?"

"Uso wake umetulia," akajibu. "Makelele nyumbani kwangu yapo ya kutosha."

Akaiweka rafuni, juu ya vichwa vya watu, akaitunza miaka thelathini: maua mabichi kila asubuhi, vumbi kwa kitambaa kikavu. Alipoanza kutoona vizuri, kazi hiyo akamkabidhi mke wa mwanawe, Kirimenika. Ila binti huyu, jamani, mikono yake ilikuwa na pupa. Alikwisha kuvunja mitungi na kuunguza ghala ya mpunga, hata mavyaa wake akamwambia wazi, "Ukiharibu kingine, nitakurudisha kwa baba yako, wala sitaona haya."

Sasa, kwa kina Kirimenika sanamu ilikuwa ya shaba, na shaba husuguliwa kwa ukwaju na majivu ing'ae. Ilipobaki siku moja kufika sikukuu ya mwezi mpevu, naye kwa nia njema akaishika ile ya mti, akaisugua vivyo hivyo. Alipoisuuza, macho ya sanamu yalikuwa yamekwenda na maji.

Na macho kwao si rangi tu. Huchorwa na fundi maalumu, kwa dua, naye huipa sanamu mgongo akaitazama kiooni, kwa heshima. Sanamu isiyo na macho kwao ni gogo.

Jirani yake akachungulia. "Unalilia nini, shoga? Chukua masizi ya chungu, uchore. Mavyaa wako hata mbuzi na mkwewe hawatofautishi."

"Na kesho watu wasujudie masizi yangu?"

"Watapangusa magoti, waende wakale."

Kirimenika alifunga nguo zake furushi, akaenda akapiga magoti mbele ya mavyaa wake. "Mama, nimeyafuta macho ya sanamu kwa ukwaju. Nguo zangu nimeshafunga."

Bi Dingiri akauliza, "Mbona hukuchora mwenyewe? Mimi nisingeona."

"Ungeomba kwa moyo wako wote, mama, nami nimesimama pembeni nakutazama."

"Fungua furushi hilo," akasema Bi Dingiri. "Mwiteni fundi wa macho."

Kesho yake ua ulijaa watu. Kijijini pale, kumshikia fundi kioo ilikuwa heshima ya mtu mmoja tu, anayeaminiwa na mwenye nyumba. Ndugu wa Bi Dingiri walikwisha kujipanga mbele, nguo zimenyooka.

"Mpeni mke wa mwanangu," akasema.

"Huyu aliyeyafuta?"

"Huyu aliyeniambia."

Basi Kirimenika akakishika kioo, na ile mikono ya pupa haikutikisika hata kidogo. Fundi akachora jicho la kulia, akachora la kushoto. Ngoma zikalia, zumari zikapokea, na umma mzima ukainama, na wale ndugu pia.

Wanangu, kosa la mkono halimtoi mtu katika wema. Likikuponyoka, lipeleke mwenyewe kwa uliyemkosea, lingali bichi. Ukilifunika utaishi nalo, wala halizoeleki.